Sabuni ya Sajenti

Sajenti alikuja kwetu Kigera, Musoma, Jumamosi moja saa nne asubuhi, amevaa nguo za kiraia na kofia ameishika mkononi. Mama alikuwa uani, anageuza furu waliokuwa kwenye kichanja cha kukaushia. Alipomwona aliacha samaki, akakaa chini palepale kwenye majivu. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilimletea mgeni kigoda, naye hakukikalia.

Habari ya kifo cha baba tulikuwa nayo tayari, wiki tatu. Gari la jeshi lilisimama mlangoni, ofisa kijana akashuka na karatasi, akasoma kwamba koplo, yaani baba yangu, amefariki akiwa kazini nchini Uganda na amezikwa pamoja na mashujaa wenzake. Mama alimwuliza ni kazi gani hiyo, maana vita si vilikuwa vimekwisha? Redio ilishatangaza. Nduli alishakimbia. Sisi wenyewe tulishatoka barabarani na matawi ya miti kushangilia malori. Yule ofisa alisema hana maelezo zaidi, akapanda gari.

Sajenti alikuwa nayo. Alikuwa mtu wa Butiama, mkubwa wa baba kazini na rafiki yake. Kabla ya vita hakuna mwisho wa mwezi aliokosa kuja kula kwetu, na baba, ambaye alikuwa mtu wa Kiriba, mtoto wa ziwani, alimtania kwamba watu wa milimani hawajui kutoa miba ya samaki. Mimi nilimwita baba mdogo.

"Shemeji," alisema, bado amesimama, "nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukayasikia kwa watu."

Alieleza polepole. Baada ya ushindi waliambiwa wabaki kwanza, wawalinde wenzetu hadi serikali yao mpya isimame. Wakapangwa kwenye mji mmoja mdogo, wanalinda kizuizi cha barabarani pamoja na askari wa jeshi jipya la kulekule, wale wale tuliokwenda kuwasaidia. Walikuwa wanakula sufuria moja. Siku ya soko mmoja wa wale wenzao alikuja amelewa, akaitaka redio ya baba. Baba akakataa. Yule mtu alimpiga risasi mbili, kisha yeye na wenzake wawili wakakimbilia sokoni, katikati ya watu.

"Mlikuwa wangapi?" mama aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Na risasi mlikuwa nazo?"

"Tulikuwa nazo, shemeji."

"Halafu mkafanya nini?"

Sajenti aliitazama kofia yake. "Vijana walitaka kupiga. Nikawaamuru washushe bunduki. Soko lilikuwa limejaa, shemeji. Akina mama, watoto mgongoni. Tungepiga tungeua watu ishirini ili tumpate mmoja. Tungekuwa na tofauti gani na yule tuliyekwenda kumfukuza?"

"Na huyo aliyeua?"

"Wakubwa wao walimchukua. Walisema watamshtaki."

"Walimshtaki?"

"Nilimwona wiki iliyofuata, kwenye kizuizi kingine. Alinipungia mkono."

Mama aliinuka, akajipangusa majivu kwenye khanga. "Basi umekuja mikono mitupu," alisema.

Sajenti alidhani anazungumzia zawadi. Akainama, akatoa mfukoni kifurushi cha sukari kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka juu ya kigoda. Mimi nilimwelewa mama. Mikono ya mtu yule ilitakiwa ije na kitu kingine.

Mama hakuwa mtu wa kupinga vita. Nataka hilo lieleweke, maana siku hizi watu wakisikia mjane wanafikiri alikuwa analilia amani. Wakati vita vinaanza alikuwa mstari wa mbele kuchanga ng'ombe na mtama kwa ajili ya wanajeshi. Na baada ya ushindi, wake za askari walipoanza kunung'unika kwenye bomba la maji kambini, yeye ndiye aliyewajibu. Mmoja wao, mama wa Bunda, alisema wenzetu wameshapata nchi yao, wailinde wenyewe. Sisi hapa hatuna sukari, hatuna sabuni, na mafuta ya magari yote yanapelekwa huko. Mama akamwambia, "Umemvunjia mtu mlango ili umtoe jambazi ndani. Utaondoka kabla hajaweka mlango mwingine?" Wale wanawake walijitwika ndoo zao. Nilimwonea fahari.

Baada ya baba kufa hakuyarudia maneno hayo. Lakini hakuhamia upande wa wale wa bombani pia. Yeye alilalamika kwamba vita viliachwa njiani. Siku moja anatwanga muhogo, sauti yake ya kawaida kabisa, akasema, "Ningekuwa mimi, lile soko lisingekuwepo leo." Nikaendelea kupepeta. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliona amesema jambo la haki.

Sajenti aliacha jeshi mwaka uliofuata, akafungua duka dogo Bunda. Ilikuwa miaka ya shida. Hapo Kigera wanawake walifua kwa majani ya mpapai. Kwenye duka la ushirika ulipanga foleni tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha. Lakini kwetu, kila mwisho wa mwezi, mtu alishuka kwenye basi la kutoka Bunda na kifurushi: miche miwili ya sabuni, sukari, mara nyingine chupa ya mafuta ya kula. Kilitoka kwa sajenti. Mama alikipokea kila mara, na hilo lilinishangaza.

"Si unamchukia?" nilimwuliza.

"Namchukia. Ndiyo maana nachukua," alisema. "Anadhani ile damu inatoka kwa sabuni. Mwache alete."

Kwa sabuni hiyo alinifulia sare. Nilikuwa mtoto msafi kuliko wote darasani, mwalimu alinisimamisha mbele kuwaonyesha wenzangu kola yangu. Nilinuka sabuni ya sajenti toka darasa la saba mpaka kidato cha pili, na kila nilipovaa sare ile nilimkumbuka mtu aliyewaambia wenzake washushe bunduki.

Nilipofika kidato cha pili, mama alianza kunituma Bunda wakati wa likizo kuuza furu wakavu siku za gulio. Nililala kwa sajenti. Mke wake alikuwa mama mnene, mpole, mwenye kucheka kwa kuficha mdomo. Alinisuka nywele, akanipa kitanda cha wanawe wawili, wao wakalala chini sebuleni. Chini ya kitanda hicho ndipo katoni zilipokaa. Sabuni kutoka Kenya, zimepangwa mpaka godoro lilikuwa linagusa karatasi. Hazikuwa siri kwa mtu wa nyumba. Sajenti mwenyewe alizivuta mbele yangu, akatoa miche miwili, akasema, "Hizi za mama yako."

Kisha ukaja msako. Redio ilitangaza kila saa: walanguzi, wahujumu uchumi, watajeni. Wananchi waliombwa wasiogope. Bunda watu walimwaga sukari chooni, wengine walificha vitenge kwenye mashamba ya mahindi. Mke wa sajenti alimwomba mumewe azitoe katoni zile, azipeleke hata Butiama kwa wazazi wake. Yeye alisema, "Sijaiba kwa mtu. Nauza sabuni kwa watu wachafu." Akacheka. Nilikuwepo. Niliangalia kicheko chake nikaona ni cha mtu asiyedaiwa chochote.

Jumatatu yake baada ya chakula cha mchana niliaga kwamba nakwenda gulioni kudai chombo changu. Nilikwenda ofisi ya kata. Nje walikuwa mgambo wawili, na ndani karani mmoja anatafuna mahindi ya kuchoma.

"Unataka nini, binti?"

"Kuna mtu ana sabuni chini ya kitanda."

Aliweka gunzi chini. "Nani?"

Nikamtaja.

"Sajenti yule? Aliyekuwa vitani?" Alinitazama vizuri. "Wewe ni nani wake?"

"Si mtu wangu."

"Umezionaje?"

"Nimelala juu yake."

Hakuniuliza tena. Aliandika, akaniambia niende zangu. Sikwenda mbali. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka, palikuwa na kibaraza cha fundi cherehani. Nikasimama hapo kama mtu anayesubiri nguo. Walikuja baada ya saa moja hivi, mgambo na polisi wawili. Walitoa katoni moja moja wakazipanga barabarani ili kila mtu azihesabu. Sajenti walimtoa mwisho, amefungwa pingu. Alikuwa mrefu kuliko wote waliomshika. Nilisubiri amsukume hata mmoja. Mtu aliyefika Kampala kwa miguu, akiwa na bunduki, mgambo mwembamba anamshika kola, naye anamwambia mkewe, "Usilie, watu wanatazama." Alikwenda nao kama anasindikizwa na wageni.

Nilirudi Musoma kwa basi la kesho yake. Mama alikuwa ameinjika ugali. Nikamwambia amekamatwa, na nikamwambia ni nani aliyekwenda ofisini.

Alikoroga ugali mpaka ukaiva. Akaupakua. Ndipo akauliza, "Walimfunga kamba?"

"Pingu."

"Mbele ya watu?"

"Barabara nzima."

"Alilia?"

"Hapana. Mke wake ndiye alilia."

Mama alinawa, akala. Alikula sana siku ile, na alipomaliza akanipa kichwa cha samaki, kile ambacho siku zote alikuwa anamwekea baba.

Sajenti alikaa mahabusu miezi mingi, na duka lilichukuliwa na kila kilichokuwemo. Mtoto wake mkubwa aliacha shule akaenda kujiandikisha jeshini, kwa sababu nyumbani hapakuwa na ada wala mlo. Vifurushi viliacha kuja. Sare yangu nikaifua kwa majani ya mpapai kama watoto wengine, ikawa na madoa ya kijani, na sikunung'unika hata siku moja.

Walipomwachia, bila hukumu, hakurudi Bunda. Alikwenda kwao Butiama akalima mtama na mkewe. Muda si mrefu mambo yakafunguliwa. Mitumba ikaingia, redio, viatu, vitenge vya kila rangi. Siku moja nilipita Bunda, nikakuta duka lake lina mwenyewe mwingine, na sabuni ileile ya Kenya imerundikwa nje mlangoni, mchana kweupe, polisi anapita na kununua. Nilinunua mche mmoja, nikaunusa. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu. Nilichokiona ni hasira mpya: kwamba adhabu ya mtu yule ilikuwa imekwisha mapema, na kosa lenyewe lilishageuka si kosa, wakati baba alikuwa bado amekufa.

Nilisomea ualimu. Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi hukohuko Butiama, sikukiomba, nilipangiwa. Nilikutana na sajenti wiki ya kwanza njiani kwenye mawe. Nywele zilishaanza kuwa nyeupe. Alinisalimia, "Mwalimu, karibu kwetu," akanibebea begi mpaka nyumba ya walimu. Wala hakuigusa habari ya Bunda, siku ile na nyingine zilizofuata. Mke wake aliniletea maziwa. Nilikunywa.

Wakati huo majeshi yetu yalikuwa yameshakwenda Msumbiji kumsaidia jirani dhidi ya wale wanaochoma vijiji. Kijana wa sajenti alikuwa miongoni mwao. Butiama ni mahali ambapo karibu kila ukoo una mtu jeshini, na niliyasikia kwenye kisima maneno yaleyale niliyoyasikia utotoni kwenye bomba: Msumbiji kuna nini chetu? Wengine wakajibu kwamba kuna binadamu. Sajenti alikuwa upande wa hao. Alisema jirani akivamiwa unakwenda, ila unakwenda na kipimo, unajua nani umemfuata na unaishia wapi. Nilisikia neno lile, kipimo, nikatamani apimiwe na yeye.

Basi alipimiwa. Sijui nilisemeje rohoni siku zile, lakini nilipokuwa darasani nafundisha kugawanya na nikasikia vilio kutoka upande wa kwake, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma.

Mama alikuja kutoka Musoma siku ya pili ya msiba wa kijana yule. Hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Niliogopa atakachosema, nikamfuata kila aendako. Siku ya tatu, mchana, sajenti alikuwa amekaa peke yake nyuma ya nyumba kwenye benchi. Mama akaenda akakaa karibu naye. Nilikuwa nawapelekea uji.

"Wameniletea karatasi, shemeji," alisema. "Imeandikwa akiwa kazini."

"Ndivyo wanavyoandikaga," mama alisema.

"Nilimtafuta kijana aliyekuwa naye. Ameniambia walikuwa wanasindikiza chakula cha watu wa huko. Wakavamiwa njiani. Waliowavamia wakakimbilia kijijini, wakaingia kwenye nyumba za watu." Kisha akasema, "Mkubwa wao akakataza kukipiga kijiji."

Niliweka vikombe chini.

"Ungekuwa wewe?" mama akamwuliza.

"Ningepiga."

Mama akamgeukia mzima mzima.

"Ningepiga kijiji kile," sajenti alisema. "Na lile soko la Uganda. Leo nakwambia, shemeji. Ningepiga."

"Sema tena."

"Ningepiga."

Mama alichukua mkono wa mtu yule akaushika, kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mfiwa. Miaka yote ile alikuwa anaungoja mkono huo uje na kitu.

Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. "Pamoja na wale akina mama wa sokoni?" niliuliza. "Wenye watoto mgongoni?"

"Pamoja nao." Aliniinulia macho. "Wewe unashangaa nini, mwalimu? Siku ile Bunda nilikuona. Ulikuwa umesimama kwa fundi cherehani."

Mama hakuondoa macho kwenye kikombe.

"Nilijua tangu siku ile," sajenti alisema. "Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Wangekuja kukusumbua, ungekosa shule. Sasa huwa najiuliza nilikuwa namlinda nani."

Nimeulizwa na mtu mmoja tu niliyewahi kumsimulia haya kama nililia hapo. Sikulia. Nilikasirika. Miaka mitano nilitembea nikijua nimemwangusha, kumbe alikuwa amenishika mkononi muda wote na kuniachia, kama alivyowaachia wale wa sokoni. Kisasi changu kilikuwa ni ruhusa yake. Lakini ndani ya hasira hiyo palikuwa na furaha pia, na sitaificha: mtu wa kipimo alikuwa ameharibika. Alikuwa mmoja wetu sasa.

Wiki iliyofuata tulikwenda watatu kambini Musoma. Sajenti alivaa buti zake za zamani, alizipaka mafuta ya taa hadi zikang'aa. Getini aliomba kuonana na mkubwa, akatokea ofisa mdogo kwa umri, mwenye adabu. Sajenti alisimama wima akaeleza kwamba anaomba kurudishwa kazini na kupelekwa Msumbiji.

"Mzee wangu, pole sana kwa msiba," ofisa alisema. "Lakini umri umekwenda. Na jeshi halilipizi kisasi, lina utaratibu wake. Tulia nyumbani, uwe na subira."

"Subira tunayo, baba," mama alidakia. "Tunayo ya kugawa. Mimi mjane wa koplo aliyekufa Uganda. Niandike na mimi. Naweza kuwapikia."

Askari wa zamu walicheka. Ofisa hakucheka, alitutazama kama watu wanaohitaji kupelekwa hospitali, akasema tena pole, akarudi ndani. Sajenti alibaki amesimama wima muda mrefu, mkono umenyooka pajani, mpaka mama akamvuta shati. Tulishuka Mwigobero, kando ya ziwa, tukala sangara wa kukaanga. Nilimwona sajenti akimmeza yule samaki bila kuangalia miba.

Baada ya hapo akaniomba nimwandikie barua. Alijua kuandika mwenyewe, ila alisema ya mwalimu itasomwa. Alikuja shuleni baada ya vipindi, akakaa kwenye dawati la mbele, magoti yamepanda hadi kifuani, akasema anachotaka kisemwe: kwamba kijana wake asife bure, kwamba vita visiachwe njiani, kwamba ukimsaidia rafiki usimsaidie nusu. Niliandika. Na niliongeza maneno ambayo hakuyasema, makali kuliko yake, juu ya vijiji vinavyoficha wauaji na kile vinachostahili kufanyiwa. Nilipomsomea hakuyakataa. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Hapo umeniwahi." Tulituma tatu.

Ya nne ilikuwa nusu mezani siku mke wake alipokuja. Alikuwa amekonda, yule mama mnene. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba. Acha kumwandikia."

"Ananiomba mwenyewe, mama."

"Najua. Lakini zinasomwa na nyumbani pia. Mdogo wake marehemu amezisikia. Ameanza kukimbia asubuhi, anasema anajiandaa. Nimebaki na huyo." Alishika kona ya meza. "Hapo awali mume wangu alikuwa mtu wa kunituliza mimi. Sasa analala na redio sikioni anasubiri kusikia wamekufa wangapi. Nimlipize nani, mwalimu? Aliyemchongea mume wangu hadi leo simjui. Waliomuua mwanangu siwajui hata sura. Nitampiga nani?"

Nilikuwa nimekaa mbele yake, peni mkononi.

"Hiyo ndiyo nyingine?" aliuliza. Hakujua kusoma. "Imeandikwa nini?"

Nilimsomea. Niliruka sehemu zangu, nikamsomea zile za mumewe tu, na nilipofika pale panapomtaja kijana wao na namba yake ya jeshi, akanizuia kwa kiganja.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akafuta macho kwa khanga, akasema, "Basi. Iache hapo." Nikamwahidi nitaiacha. Alinishukuru, akanishika bega, akaenda zake kuchota maji.

Ijumaa yake niliimalizia, nikaituma.

Jibu halikuja, kama ilivyokuwa kwa zile tatu. Baadaye majeshi yetu yalirudishwa kutoka Msumbiji, na sajenti aliposikia kwenye redio aliizima, akasema wamerudi bila kumaliza. Mama naye alisema hivyohivyo Kigera, bila wao kuonana. Yule mtoto mdogo hakuchukuliwa jeshini. Walipompima walikuta kovu kwenye pafu, akaenda kuchimba dhahabu Buhemba, na yuko hai, ana watoto. Mama alikuwa anapanda basi kwenda Butiama mara moja kila mwezi kumtembelea sajenti, na mada yao ilikuwa moja: nani angepigwa, wapi, kwa silaha gani. Nimewasikia wakicheka. Watu walidhani watu wazima wale wanachumbiana. Mama alimtangulia, tukamzika Kiriba, naye alikuja na mkongojo akasimama wima kaburini mpaka watu wote wakaondoka.

Alipougua yeye, miaka miwili baadaye, alimwambia mkewe habari za Bunda. Sijui kwa nini. Labda alitaka asife akiwa ameniachia mimi pia. Nilijua ameambiwa kwa sababu alipokuja shuleni kuniletea taarifa ya msiba alisimama nje ya mlango wa darasa, akawaambia watoto, wala si mimi, kwamba mzee amefariki. Nilikwenda kuzika. Nilikaa nyuma.

Mpaka leo bado nafundisha hapa. Mama yule, mjane wa sajenti, namkuta gulioni karibu kila wiki, anauza ulezi na karanga. Nikimwona nasimama mahali anaponiona, sigeuki, simkwepi, nasubiri aseme au afanye lolote mbele ya watu, na nimeshaamua kwamba sitajitetea. Anapima ulezi wake, anampa mteja, anakung'uta kisado. Huwa ananiangalia kidogo, kisha anamhudumia mtu mwingine.